Barua ya Harvard si matokeo ya KCSE

Sisi Wakenya tumelelewa na mtihani. Ukipata A kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, unaitwa kusomea udaktari, na kijiji kizima kinajua umefaulu kwa jasho lako. Imani hiyo tumepanda nayo ndege. Ndiyo maana hapa Minnesota, Marekani, nawasikia wazazi wenzangu wakimwambia mtoto wa darasa la tisa, "Wewe pata A tu, Harvard watakuchukua."

A peke yake haitoshi. Mwaka 2024 Harvard ilipokea maombi zaidi ya 54,000 na kuchukua wanafunzi wasiofika 2,000. Vyuo vya aina hii husoma insha na barua za walimu, huangalia michezo, na baadhi huwapendelea watoto wa waliowahi kusoma hapo. Utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake uliotoka 2023 ulionyesha kwamba kati ya watoto wenye alama sawa za SAT au ACT, mitihani ya kuombea chuo, wale wa familia tajiri kabisa, asilimia moja ya juu, huishia kusoma kwenye vyuo hivi zaidi ya maradufu ya wale wa tabaka la kati. Mtoto asiyeelezwa haya akijibiwa hapana mwezi Machi hujihesabu amefeli. Namjua binti mmoja aliyekwepa kanisa majira yote ya kuchipua, akihofia akina mama wangemuuliza, "Haya, umeitwa wapi?" Alikuwa ameacha kwaya, aliyoipenda tangu utotoni, akajiunga na klabu ya midahalo kwa sababu aliambiwa itapendeza kwenye maombi. Hiyo kwaya inaniuma kuliko jibu lenyewe.

Basi wasiombe? Waombe, tena bila woga. Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger waligundua kwamba kwa wanafunzi wengi wenye uwezo sawa, jina la chuo haliongezi sana mshahara wa baadaye. Lakini kwa wanafunzi weusi, na kwa wale ambao wazazi wao hawakusoma sana, faida ilionekana. Hao ni watoto wetu. Na bei isiwatishe: tangu mwaka wa masomo wa 2025/26, familia yenye mali ya kawaida na kipato kisichozidi dola 100,000 hailipi chochote Harvard, hata chakula na malazi.

Ninachokiogopa ni vyuo vya daraja la kati, vyenye jina la kutosha kusifiwa kwenye harambee lakini visivyo na ufadhili wa maana. Dada mmoja ninayemfahamu, anayefanya shifti mbili kwenye nyumba ya wazee, alichukua mikopo ya mzazi ili kijana wake aende chuo cha namna hiyo pwani ya mashariki. Kijana anasoma uhasibu, kozi ambayo angeisoma University of Minnesota akiwa anarudi nyumbani jioni.

Tena jimbo letu lina mlango mpana ambao wengi wetu hatuupigi hodi. Tangu 1985 mpango wa PSEO unamruhusu mwanafunzi wa sekondari kuchukua masomo ya chuo bila kulipa karo. Na tangu 2024, mpango wa ufadhili wa North Star Promise unagharimia karo iliyobaki baada ya misaada mingine kwenye vyuo vya umma vya jimbo kwa mwanafunzi anayetimiza masharti ambaye familia yake inapata chini ya dola 80,000.

Kwa hiyo aombe chuo kimoja au viwili vya ndoto, na kile cha jimbo akiombe kwa moyo uleule. Majibu yakifika, kabla ya tarehe 1 Mei, siku ya mwisho ya kuchagua kwenye vyuo vingi, kaeni mezani na kila barua ya ufadhili na kalamu. Kata kila mstari ulioandikwa mkopo, kata na ule wa kazi za chuoni, maana barua nyingine huvijumlisha vyote kana kwamba ni zawadi. Kinachobaki kitoe kwenye gharama ya mwaka mzima, uzidishe kwa miaka minne, kisha mwonyeshe mtoto hiyo hesabu kabla hajachagua.