Dampa ya cheni: nilivyoibadilisha kwenye 22R yangu hapa Tanga

Kila alfajiri nilipowasha Hilux yangu, mbele ya injini palikuwa panalia kwararara, sekunde 2 au 3, kisha kimya. Mama wa nyumba ya pili, ambaye hupanda nami hadi Muheza kufuata machungwa, hakuhitaji saa. Akisikia ile kwarara anajitanda kanga, anatoka na matenga yake. Tulikuwa tunacheka, tunaiita kengele.

Gari lenyewe ni la 1986, injini 22R ya petroli, cc 2,366. Wakati huo akili yangu yote ilikuwa kwenye nguvu. Nilishapata kabureta ya Weber 32/36, na mpwa wangu aliyeko Dubai alikuwa amenitumia kamshafti inayonyanyua valvu juu zaidi, pamoja na springi zake ngumu. Bloku ilikuwa iende kuchongwa, iingie pistoni za ovasaizi 0.50. Nilitaka nipande Mombo hadi Lushoto na mzigo bila kupitwa na kila daladala. Cheni ya taimingi, ile inayoizungusha kamshafti toka kwenye kranki, shafti kuu ya chini, sikuitengea hata shilingi.

Fundi wangu yuko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Namwita Mjomba, ingawa udugu wetu ni wa oili tu. Alisikiliza gari likiwashwa mara moja, akaniambia nizime.

"Hizo si valvu, mwanangu. Hiyo cheni inachapa ukuta. Wewe unaleta kamshafti ya mbio, na kinachoizungusha kimechoka."

Nikabisha. Nilishasoma mahali kwamba 22R haifi. Mjomba hakujibu, alimwita kijana wake waanze kushusha injini.

Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Pikapu yangu ilikuja, ikakaa siku 14.

Kituko cha kwanza kilikuwa kwenye hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu. Kijana alifungua bolti zote 10 za hedi, akainyanyua, haikutikisika. Akaenda kuchukua mtaimbo. Mjomba alikuwa anakunywa kahawa upande wa pili, sijui alionaje, lakini alipiga ukelele mtaimbo ukadondoka. Akaja, akachovya kidole kwenye kidimbwi cha oili mbele kabisa ya hedi, chini ya gia ya kamshafti. "Gusa hapa." Nikagusa. Chini ya oili kulikuwa na kichwa cha bolti, cha spana namba 12, kimejificha kama kaa kwenye tope la mikoko. Hiyo inashuka toka hedi hadi kwenye kava ya taimingi, kifuniko cha mbele kinachofunika cheni. Ungelazimisha kwa mtaimbo, kava ya alumini inapasuka. Kama utaifungua 22R mwenyewe, nyonya oili ya pale kwanza kwa kitambaa, uione kwa macho.

Tulipotoa sampu, bakuli la oili chini ya injini, vikaanguka vipande vitatu vya plastiki, vyeusi, vimekauka kama ganda la ukwaju. Hiyo ndiyo iliyokuwa dampa, reli inayoiongoza cheni isichape ukuta. Kijana aliiita "gaidi", ndivyo alivyolisikia neno la Kiingereza "guide", na kwa kazi iliyokuwa imeifanya mle ndani sikuona sababu ya kumsahihisha.

Mjomba akanieleza huku ameshika cheni mkononi. Injini za mwanzo za ukoo huu zilikuwa na cheni ya safu mbili. Mwaka 1983 Toyota wakahamia cheni ya safu moja na dampa za plastiki, ipungue kelele na uzito wa kuzungusha. Upande mmoja kuna tensiona, kikazio cha cheni, inayosukumwa na springi na presha ya oili. Usiku kucha oili inashuka. Asubuhi, mpaka presha ifike, cheni imelegea na inaipiga dampa ya upande wa pili. Miaka ikipita cheni inarefuka, tensiona inafika mwisho wa mkono wake, na plastiki inavunjika. Hapo cheni inaanza kula kava yenyewe. Nyuma ya ukuta huo, karibu na wota pampu, kuna njia ya maji. Ikitoboka, maji yanaingia kwenye oili, na injini uliyoitia pistoni mpya inakuwa sufuria ya chai ya maziwa.

Nikapitisha kucha kwenye kava. Ikazama. Mtaro ulikuwa mrefu kama kidole cha shahada, bado haujatoboka. Sikulala vizuri siku hiyo.

Gereji nzima ikawa bunge. Mmoja anasema tia cheni ya safu mbili. Mwingine anasema kachomelee kava. Mimi nilikataa yote mawili. Safu mbili inadai na meno yake, chini na juu, na sikuona kwa nini nibadilishe kila kitu wakati zipo dampa zenye mgongo wa chuma, zilizovikwa sehemu laini upande unaogusana na cheni. Na alumini iliyokunywa oili miaka 30 ukiichomelea inapinda, halafu hapohapo ndipo unapotaka gasketi ikae sawa. Nikaagiza kava nyingine Dar es Salaam, na cheni, na tensiona, na dampa ya chuma.

Hapa kosa ni langu. Kitabu nilichokisoma kwenye simu kilikuwa cha Kimarekani, kinasema dampa inayovunjika ni ya "upande wa dereva". Nikampigia muuzaji, nikamwambia hivyohivyo. Mzigo ukafika Kange kwa basi, nikaufungua palepale stendi kwa furaha. Mjomba alipokiona kile chuma kilichojikunja akacheka hadi akakaa chini. Ilikuwa ya upande wa tensiona. Marekani dereva anakaa kushoto! Kwetu upande ule ni wa abiria. Siku tatu zikaenda kubadilisha. Tangu hapo nasema kushoto na kulia kwa gari linavyoelekea, dereva simtaji.

Kufunga kwenyewe hakukuchukua muda. Mjomba alisafisha matundu ya bolti kwa petroli, akayapuliza hewa, akatia tone moja la gundi ya nyuzi kwenye kila bolti. Dampa ikakaa, tukakaza zamu kwa zamu. Kisha akachuchumaa na tochi kuhakikisha cheni inapita katikati ya dampa, haipandi ukingo. Hapo alikaa muda mrefu kuliko kwenye kabureta niliyoitolea jasho.

Tukapanga taimingi: kiungo kinachong'aa kwenye alama ya chini, kingine kwenye alama ya juu, pistoni namba 1 juu kabisa. Akaniambia nizungushe kranki kwa mkono mizunguko miwili. Nikazungusha, nikatazama, moyo ukaniruka. Viungo vinavyong'aa vilikuwa vimehama kabisa!

"Mjomba, imeruka meno."

"Haijaruka. Cheni ni ndefu kuliko meno inayoyazunguka, hivyo viungo havirudi pale upesi. Tazama pini ya kamshafti na ufunguo wa kranki."

Vilikuwa juu, vimesimama vyote viwili.

Kabla ya kufunga kava aliijaza pampu ya oili mafuta ya kujipaka, yale mazito ya kopo, ili isianze kuzunguka ikiwa kavu. Pembeni, hedi, bloku na kava zinapokutana, akapaka silikoni kidogo. Injini iliporudi ndani ya gari alichomoa waya wa koili, tukapiga stata mpaka taa ya oili ikazima, ndipo akaurudisha.

Ikawaka. Nikasubiri ile kwarara. Haikuja.

Kesho yake alfajiri nilitoka kwenda Muheza, injini inanguruma chini chini, kabureta inavuta vizuri. Nilifika Pongwe simu ikaita. Ilikuwa nyumba ya pili.

"Baba, leo huendi? Nimekaa hapa na matenga yangu toka adhana, sisikii kengele."

Nikageuza gari kumfuata.