Kutoka Tanga kwenda AFCON: tiketi, njia na geti

AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, imepangwa kuchezwa Juni na Julai nchini Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa sisi wa Tanga ni nafasi ya pekee. Dar es Salaam iko kilomita kama 350, Arusha kama 435, na mpaka wa Kenya pale Horohoro ni kilomita kama 65 tu. Nauli ya basi mtu ataipata. Atakayepata tabu ni yule atakayekwenda kama anavyokwenda uwanja wa Mkwakwani kuwaona Wagosi wa Kaya, Coastal Union: anatoka nyumbani saa tisa, tiketi ananunua dirishani, saa kumi mpira unaanza. Mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, hayaendi hivyo hata kidogo, na kazi kubwa unaimaliza kabla hujafika stendi ya Kange.

Tuanze na tiketi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Mechi za ligi pale uwanja wa Mkapa, Dar, tumezoea kuingia kwa N-Card. Usijiaminishe kwamba kadi hiyo itakuingiza na AFCON, kwa sababu mashindano haya huwa na mfumo wake wa tiketi za kielektroniki. Kwenye AFCON ya Morocco iliyoanza Desemba 2025, shabiki alitakiwa kwanza ajisajili kwenye programu ya simu iitwayo Yalla na kupata kitambulisho cha shabiki, ndipo aweze kuingia. Kwa hiyo utaratibu wa 2027 ukitangazwa, soma masharti ya usajili kabla ya kutazama bei. Jina uandike kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA au pasipoti, herufi kwa herufi. "Moh'd" kwenye tiketi na "Mohamed" kwenye kitambulisho ni ugomvi unaoutafuta mwenyewe getini.

Malipo nayo yana mitego yake. Tovuti za tiketi mara nyingi hutaka kadi ya benki, na kadi nyingi za hapa nyumbani hazijafunguliwa kununua mtandaoni mpaka uombe benki ikufungulie. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya mauzo, kisha ijaribu kwa kununua kitu cha bei ndogo. Hakikisha pia namba ya simu iliyoko benki ndiyo unayoitumia sasa, kwa sababu ujumbe wenye namba ya siri ya muamala utakwenda huko, na dakika ulizopewa za kulipa zikiisha kiti kinarudi sokoni. Asiye na akaunti ya benki aangalie kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya huduma ya pesa za simu. Mkiwa kundi, mtu mmoja anunue tiketi zote kwa mkupuo mmoja kadiri mfumo unavyoruhusu. Mkinunua kila mtu kivyake, mtakaa majukwaa tofauti.

Picha ya tiketi uliyotumiwa WhatsApp na mlanguzi usiilipie hata senti. Alama ile ya mraba inasomwa na mashine mara moja tu. Mlanguzi anaweza kuiuza picha hiyohiyo kwa watu kumi: wa kwanza anapita, tisa wanabaki nje na hela imeshakwenda. Tiketi ya halali ihifadhi ndani ya simu yenyewe, usitegemee kuifungua mtandaoni ukiwa getini. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000, na simu zote hizo zikiwa eneo moja intaneti inakwama. Kama mfumo unaruhusu tiketi ya karatasi, chapisha nakala moja uiweke mfukoni.

Jambo jingine la kuelewa ni kwamba tiketi nyingi zinauzwa kabla timu hazijajulikana. Timu ni 24, makundi sita ya timu nne nne. Mbili za juu kila kundi zinapita, pamoja na washindwa bora wanne waliomaliza nafasi ya tatu. Ukinunua mechi ya 16 bora, unanunua nafasi kwenye ratiba: mshindi wa kundi fulani dhidi ya wa tatu wa kundi jingine. Taifa Stars walivuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yao huko Morocco, wakatolewa na wenyeji 1-0 mjini Rabat tarehe 4 Januari 2026. Walipita kwa mlango huo wa nafasi ya tatu, na anayepita hapo hajui atacheza wapi mpaka makundi mengine yamalizike. Ushauri wangu kwa mwenye bajeti ndogo ni mmoja: chukua mechi za makundi, ambazo tarehe na uwanja vinajulikana mapema.

Saa. CAF hupenda kuandika muda kwa GMT, nasi tuko saa tatu mbele. Mechi ya ufunguzi wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Tanzania na Burkina Faso, Agosti 2025 pale Mkapa, iliandikwa saa 17:00 GMT, maana yake saa mbili usiku kwetu. Mtu anayesoma 17:00 akaielewa saa kumi na moja jioni atawahi bure. Akikosea upande wa pili, atafika kipindi cha pili.

Sasa njia. Kwenda Dar, basi linapita Muheza hadi Segera, hapo linashuka Chalinze na Kibaha mpaka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Hesabu saa sita hadi saba, na uongeze nyingine mbili kwa sababu kuanzia Kibaha siku ya mechi hakuna anayeweza kukuahidi kitu. Mbezi yenyewe iko mbali na Temeke uliko uwanja, hivyo usipande basi la asubuhi ya siku ya mechi. Fika jana yake, lala Temeke au Chang'ombe, uende uwanjani kwa miguu. Chumba cha karibu na uwanja kitakugharimu zaidi, lakini kinalipa kuliko kulala Mbezi kwa bei ndogo kisha ukatafuta bodaboda saa tano usiku.

Kwenda Arusha unapita Segera hiyohiyo, ila unakata kulia kuelekea Korogwe, Same na Moshi. Uwanja mpya wa huko ni wa watu kama 30,000, nusu ya Mkapa, kwa hiyo tiketi zake zitaisha haraka. Na mwana Tanga asiidharau baridi ya Arusha mwezi wa Julai. Usiku ni nyuzi kumi na kidogo, na kukaa saa nne juu ya kiti cha plastiki ukiwa na jezi peke yake ni mateso. Beba koti zito na soksi.

Zanzibar ni rahisi: boti kutoka Dar, kitambulisho mkononi, Uwanja wa Amaan uko mjini.

Nairobi inataka maandalizi zaidi. Unahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Unahitaji pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na hii ndiyo inayowakwamisha watu wakati wa kurudi Horohoro. Chanjo huhesabika kuwa halali baada ya siku kumi, kwa hiyo kuchoma juzi na kusafiri leo hakusaidii. Ukishachoma, kadi ni ya maisha. Ulizia mapema hospitali ya Bombo ni kituo gani kinatoa. Ukivuka Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka huo, unaelekea Mombasa. Mwenye usafiri wa kukodi apite barabara ya Dongo Kundu, inayomfikisha upande wa Miritini kwenye stesheni ya SGR bila kupanda kivuko cha Likoni. Treni ya Nairobi inajaa hata siku za kawaida, hivyo tiketi yake inunuliwe kabla hujatoka Tanga.

Siku yenyewe, uwe getini saa tatu kabla ya mpira. Tarehe 24 Januari 2022 kwenye uwanja wa Olembe, Cameroon, watu wanane walifariki kabla ya mechi ya wenyeji na Comoro. Umati ulielekezwa kwenye geti la kusini lililokuwa limefungwa, na lilipofunguliwa wote wakaingia kwa mara moja. Hata kwetu, tarehe 28 Mei 2023, mtu mmoja alifariki katika msongamano Mkapa, siku ya fainali ya Yanga na USM Alger. Misongamano ya namna hii hutokea dakika za mwisho, watu wanaposikia timu zimeingia. Ukiona geti limefungwa na watu nyuma yako wanazidi, ondoka hapo hata kama utakosa dakika ishirini za mwanzo. Ukishabanwa, kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, usiiname kuokota simu wala kiatu, na kila msukumo ukilegea sogea kimshazari kuelekea pembeni. Usishindane nao uso kwa uso, na kaa mbali na ukuta na vyuma. Mtoto mdogo usimpeleke mechi ya Stars. Mpeleke mechi ya mchana ya timu ambazo hazina mashabiki wengi hapa.

Chupa za maji, miavuli, fimbo za bendera na betri za ziada za simu huwa zinazuiwa getini na hazirudishwi. Kwa kuwa tiketi iko kwenye simu, ichaji ijae na uizime data njiani.

Mechi ya saa mbili usiku huisha saa nne. Ya mtoano ikienda dakika 120 na penalti ni saa tano. Mabasi ya usiku yapo, lakini kukata tiketi ya saa nne na nusu kutoka Mbezi ni kujidanganya. Kata ya asubuhi, na firimbi ya mwisho ikilia kaeni vitini dakika ishirini wakati ngazi zinapungua watu. Mahali pa kukutana mpange kabla ya kuingia, kitu kisichohama kama nguzo ya taa au kituo cha mafuta, kwa sababu kwa wakati huo simu hazitapatikana.