Mchoro Mmoja, Sura Nyingi: Ninavyoifanyia Kazi Karatasi Ileile Tena na Tena

Mchoro ninaopanga kuubadilisha sura siuanzi kwenye karatasi yoyote ile. Nachukua karatasi ya pamba ya rangi za maji, gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso unaoparuza kidogo. Ya gramu 120 au 160 ikishalowa mara mbili inajikunja, na raba ikirudiwarudiwa mahali pamoja nyuzi zinainuka. Nailowesha, naibana ubaoni pande zote nne kwa tepu ya karatasi yenye gundi ya maji, kisha naiacha ikauke. Ikikauka hujikaza yenyewe.

Kinachofuata ni mpangilio wa vifaa, na hapo ndipo kazi nyingi za mchanganyiko wa vifaa huharibikia: vikavu kwanza, vya maji baadaye, vya mafuta mwisho kabisa. Pasteli za mafuta, yaani vijiti laini vya rangi, hazikauki kikamilifu. Ukipaka akriliki, rangi ya maji ya plastiki, juu yake, leo itaonekana imeshika, lakini baada ya muda inabanduka vipande vipande. Kwa hiyo sehemu nitakayotaka kuirudia haiguswi na pasteli ya mafuta wala kalamu ya nta, isipokuwa pale ninapotaka wino uikimbie nta na kuacha madoa meupe.

Sura ya kwanza huwa ya mkaa wa vijiti, maana hufutika kirahisi. Mkaa wa kushindiliwa una kiunganishi ndani yake na huacha weusi usiotoka, basi nautunza kwa mistari ninayotaka ibaki. Kubadilisha sura naanza kwa kupunguza. Raba laini ya kukanda naibonyeza na kuiinua bila kusugua, hadi mstari wa zamani ubaki kivuli tu. Vivuli hivyo ndivyo vinavyoipa sura mpya kina, kwa hiyo sivifuti vikaisha. Halafu napuliza dawa ya kushikisha mkaa, dirisha likiwa wazi, kutoka umbali wa sentimita 30 hivi, tabaka mbili nyepesi. Tabaka moja nzito huacha matone na mabaka meusi.

Juu yake inakuja geso, rangi nyeupe ya kutayarishia uso: sehemu tatu za geso kwa moja ya maji. Maji yakizidi, geso inakosa nguvu ya kushika na kuwa unga unga. Mkaa ambao haujapulizwa dawa utachanganyika na geso na kuwa kijivu, jambo ambalo mimi hulitaka mara nyingine kwenye mandharinyuma, ila nalitaka kwa makusudi. Geso ikikauka uso unaparuza upya na kupokea mkaa na penseli; akriliki tupu huwa nyororo mno, mkaa unateleza tu.

Tabaka zikirundikana, napitisha msasa namba 220 pole pole, kisha 400. Rangi za chini zinachungulia, na mara nyingi mchoro unaofuata nauona hapo hapo. Rangi zenye kadimiamu au kobalti sizipigi msasa kabisa, maana vumbi lake ni sumu. Kwa nyinginezo navaa barakoa.

Kabla ya kuukata mchoro vipande napiga skani kwa pikseli 600 kwa inchi. Hapo naweza kuchapa kwa ukubwa maradufu kwa pikseli 300 kwa inchi bila picha kufifia, na nakala hizo nazo zinaingia kwenye kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa pamoja. Nyuma ya karatasi naandika kwa penseli kila kilichopakwa. Bila orodha hiyo hutajua chini ya geso kuna nini.

Kukata kunawatisha wengi, lakini si jambo geni: Lee Krasner, mchoraji wa Marekani, mwaka 1976 alikata michoro yake ya mkaa ya enzi za uanafunzi akaigeuza kolaji. Mimi nakata vipande vya upana wa sentimita 2, navigeuza, navisuka au navipanga upya. Gundi ndiyo inayoamua kama kutakuwa na sura nyingine. PVA, gundi nyeupe ya dukani, ikishakauka hairudi nyuma; gundi ya unga wa ngano hulainika kwa maji, kipande kikabanduka kizima. Napaka nyuma ya kipande, nangoja dakika moja kinyooke na kutanuka, ndipo nabandika kuanzia katikati kwenda kingoni. Kikibandikwa mara tu kinapopakwa, hutanukia pale pale na kuota mapovu. Juu naweka karatasi ya kuokea, kisha ubao na uzito, usiku kucha. Bila karatasi hiyo akriliki itaganda kwenye ubao.

Pembe zikianza kuachana tabaka, nabandika kazi nzima kwenye ubao mwembamba, na upande wa nyuma wa ubao napaka geso kiasi kilekile. Ukipakwa mbele peke yake, ubao unapinda.