Boss Yuko Nairobi

Elfu thalathini na nane. Ndo nilokuwa nadai, baki ya kazi ya menyu na picha za mkahawa mmoja upande wa Nyali hapa Mombasa, kazi niliimaliza Februari na sasa ni Mei, menyu zangu ziko mezani watu washazimwagia ukwaju, mie navuka feri Likoni nahesabu nauli ya matatu.

Kila nikimuandikia meneja najibiwa "inshallah wiki hii", wiki gani hasemi. Halafu ikaja ile ya boss yuko Nairobi. Kwani Nairobi hakuna mtandao? Tiki mbili za buluu, kimya. Na mie nami nilikuwa na langu, naogopa kuonekana nina njaa, basi naanza salamu ndeeefu, za nyumbani, za watoto, nikifika kwenye pesa naandika "samahani kwa usumbufu". Pesa yangu mwenyewe naiombea samahani!

Alhamisi moja nikasema liwalo na liwe, nikaprinti invoisi nikaenda, meneja sikumuuliza, nikamuulizia mhasibu. Mama mmoja mpole, trei yake imejaa karatasi, akapekua mpaka chini kabisa. "Mwanangu, hii yako mimi ndo naiona leo." Miezi mitatu imelala kwenye simu ya meneja! Tena akanambia hata ingefika isingelipwa, haina namba ya LPO, ile oda rasmi ya kampuni ya kununua kazi, wala haikutolewa kwa eTIMS, mfumo wa invoisi wa KRA, watu wa kodi, na tangu Januari 2024 kampuni ikipiga hesabu ya kodi, gharama isiyo na invoisi ya eTIMS KRA hawaikubali. Akanipa namba ya LPO, nikaketi palepale nikaitoa upya kwa simu. Boss husaini malipo Ijumaa asubuhi, akaninong'oneza. Kumbe hata Nairobi hakwenda.

Jumanne mesej ya benki ikaingia.

Nilikuwa nshaandika na barua ya madai iko kwenye begi, nikikwama naelekea mahakama ya madai madogo. Pale ni deni lisilozidi milioni moja, wakili si lazima, na kesi yatakiwa iishe ndani ya siku 60. Barua sikuitoa.

Siku hizi nachukua nusu kabla sijafungua laptop, na faili za kuchapisha hazitoki mpaka baki iingie, mteja anaona tu sampo yenye jina langu limekatiza katikati ya biriani. Wengine hununa.

Juzi yule meneja kanitumia mesej, ataka menyu ya Ramadhani. Nimeitikia salamu, kisha nikamuuliza LPO iko wapi.