Siku moja maishani mwangu: gesti yetu ya enzi ya mkoloni, Lamu

Saa 11 alfajiri. Adhana ikimalizika, pampu ishawaka. Maji ya mji wetu hutoka kwenye visima vya Shela, na ukichelewa watu wameshaamka, tangi la juu halijai.

Saa 1 na nusu. Mama mkwe ameshatoa mahamri na mbaazi za nazi. Sisi twalala chini, wageni juu, meza ni moja. Mgeni wa Kijerumani ameniuliza afanyeje apate nyumba kama hii. Nimemwambia aanze na upekuzi wa hati ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi, maana nyumba za hapa huwa na warithi wengi, na mmoja akikataa kutia saini mambo yamekwama. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani. Yeye si raia, kwa hiyo Katiba ya 2010 inamruhusu kukodi tu, isizidi miaka 99. Tena mji huu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001: hubadilishi sura ya nyumba kabla watu wa Makumbusho hawajaona mchoro. Ameandika yote.

Saa 3. Fundi amefika, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara, kisha Mwingereza akaigeuza gesti na kuongeza roshani ya mbao upande wa bahari. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, ila aliyetuuzia alikipiga chumba cha kona plasta ya saruji. Saruji haipumui. Unyevu umenaswa ndani, chumvi ikafanya kazi yake, jiwe limekuwa unga. Fundi amegonga kwa kifundo cha kidole, pakalia patupu. Akatia patasi, likaanguka bamba zima, na nyuma yake chumvi nyeupe imeota kama manyoya ya kifaranga.

"Bi mkubwa, huu tusiuzibe leo. Tuuache upigwe upepo."

Nimekubali. Ukikauka tutapiga chokaa iliyozimwa kwa maji shimoni, tabaka jembamba baada ya jingine, tukinyunyizia maji isije ikapasuka. Watu wengi hapa wanakimbilia saruji kwa kuwa ni ya haraka, na inaniuma, maana hizi kuta zimesimama miaka mingi bila hiyo. Juu, boriti mbili zimeliwa na mchwa. Zitatolewa, ziingie mpya za mkoko. Wageni huuliza mbona vyumba ni vyembamba: ni urefu wa boriti uliopima, upana hauzidi kama mita 3.

Saa 7. Sala, wali na samaki wa kupaka, usingizi kidogo.

Saa 9. Boti imeleta wageni wawili kutoka uwanja wa ndege wa Manda. Mizigo kwa punda, maji ya ndimu, funguo.

Saa 2 usiku. Hesabu na mume wangu. Fedha ya Desemba ndiyo hutuvusha Mei, mvua ikinyesha na vyumba vikiwa vitupu, kwa hiyo haiguswi. Boriti zitalipwa na mapato ya mwezi huu. Wakala amepiga simu akitaka chumba cha kona kwa Agosti, kwa bei nzuri. Mume wangu alitamani tukubali. Nimempandisha juu na tochi, akaushika ukuta mwenyewe, akapiga simu kukataa. Chumba hakitauzwa hadi Oktoba.