Ringi kwanza, zege baadaye

Mwenye jengo akija saiti huuliza nondo za nguzo ni milimita ngapi. Akisikia 25, anaondoka ameridhika. Mimi hupiga magoti nikaangalie ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo hizo kwa kuzizunguka, hasa pale nguzo inapokutana na boriti, na hapo ndipo tunapoanza kubishana na mafundi nondo.

Siku za kawaida nguzo hubeba mzigo unaoshuka tu, na zege hustahimili sana kugandamizwa. Tetemeko likija, jengo husukumwa huku na huku, tena na tena. Ganda la nje la zege hupasuka na kudondoka, na zege la ndani hubaki limeshikwa na ringi peke yake. Ringi iliyokunjwa ncha kwa digrii 90 hufunguka mara ganda linapotoka. Nondo ndefu hubenuka nje na zege humwagika. Ikikunjwa digrii 135, ncha zake huzama katikati ya nguzo na haziachii kirahisi.

Hospitali ya Olive View, kule California, ilikuwa mpya kabisa ilipopigwa na tetemeko la San Fernando tarehe 9 Februari 1971. Nguzo za pembeni, zenye ringi zilizoachana mno, zilisagika. Nyingine zilizungushiwa nondo mfululizo kama springi: zilipinda vibaya, ganda likatoka lote, lakini ziliendelea kubeba sakafu za juu. Jengo moja, mtikisiko mmoja.

Naambiwa sana kwamba Dar matetemeko ni ya kusikia redioni. Tarehe 12 Agosti 2020, usiku, watu wa maghorofani hapa hapa walishuka ngazi mbio, na kitovu cha tetemeko kilikuwa huko baharini. Umbali nao si kinga. Mwaka 1985 kitovu cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City, lakini udongo laini wa ziwa la zamani ukayumba kwenda na kurudi kila sekunde 2 hivi, ukaoana na mwendo wa kuyumba wa majengo ya ghorofa 6 hadi 15. Hayo ndiyo yaliyoumia zaidi.

"Injinia, kukunja hivi kunatuchelewesha, na zege likishamwagwa nani ataona?" Nimeulizwa hivyo na fundi ninayemheshimu sana. Jibu langu ni futi kamba. Karibu na maungio nataka ringi kila milimita 100, ncha zimeingia ndani. Zisipotimia, gari la zege litasubiri getini.