Kiti cha baba na gundi inayoumuka

Kiti cha mninga alichokuwa akikikalia marehemu baba kilianza kuyumba mwaka juzi. Mguu wa nyuma ulilegea kwenye maungio, ulimi wa ubao ukawa unacheza ndani ya tundu lake. Mama hukikalia barazani kila jioni, na kila alipoegemea nilisikia mbao zinalia, roho yangu juu.

Fundi wa kwanza alipiga misumari miwili, mguu ukapata ufa. Wa pili akatia gundi nyeupe ya mbao. Ilishika vizuri mpaka masika. Hapa Tanga mvua ya upepo inaingia hadi barazani, na gundi ile ya kawaida ikilowa mara kwa mara hulainika. Mguu ukaachia tena.

Duka la vifaa vya ujenzi ndipo nilipopewa gundi ya poliyurethani, nikaambiwa hiyo haiogopi maji. Nikaimimina tele kwenye tundu, nikachomeka mguu, nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta povu gumu la rangi ya maziwa ya chai limefura pande zote, kama unga wa maandazi uliozidi hamira, na mguu umesukumwa nje karibu nusu sentimita. Nikalikata lile povu kwa kisu. Ndani lilikuwa vitundu vitupu, nikilibonyeza linabonyea. Nguvu haikuwa humo.

Nikarudi dukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ulikibana?"

"Hapana."

"Mbao uliilowesha?"

Wala sikuilowesha, maana nilijua gundi inataka mbao kavu. Mzee akanifafanulia kwa utulivu. Gundi nyeupe hukauka kwa kupoteza maji. Hii hukauka kwa kuyanywa. Ikikutana na unyevu hutoa gesi, na gesi ndiyo inayoiumua hadi mara tatu ya ilivyokuwa. Usipoibana, inatenganisha kile ulichotaka kiungane. Maneno hayo yalinifaa kuliko chupa yenyewe.

Kazi kubwa ikawa kusafisha. Jioni tatu nilikaa na patasi na msasa nikikwangua povu na mabaki ya gundi nyeupe mpaka mninga ukaonyesha wekundu wake. Ulimi nao ulikuwa umelika, umekuwa mwembamba kwa tundu. Povu haliwezi kuziba nafasi ya namna hiyo, kwa hiyo nilichonga kibanzi cha mninga, chembamba kama kadi ya simu, nikakibandika ubavuni mwa ulimi mpaka ukaingia kwa kusukumwa na kiganja.

Kisha nikapangusa tundu kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, na ulimi nikaupaka gundi kwa kijiti, utando mwembamba tu. Klampu, kile chuma cha mafundi cha kubania mbao, sina. Nilikata tyubu ya baiskeli ukanda mrefu nikauzungusha kwenye miguu, nikiuvuta kila mzunguko hadi vidole vikauma. Baada ya kama nusu saa vitone vya povu vikachungulia kwenye maungio, vidogo kama punje za mchele. Nikaviacha. Kwa kawaida saa moja au mbili za kubana zinatosha, lakini mimi nilifungua kesho yake, zilipotimia saa 24, nikavikata kwa patasi.

Vaeni glavu, jamani. Mara ya kwanza sikuvaa, na vidole vyangu vilikaa vyeusi karibu wiki nzima. Sabuni haikufua dafu. Ikiwa bado mbichi, futa upesi kwa thina kwenye kitambaa, ila ikishakauka kwenye ngozi subiri itoke yenyewe. Fungua madirisha, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu. Na chupa isifikiwe na mbwa wala paka: akiilamba inamuumukia tumboni, na hilo linaweza kumwua.

Nunua chupa ndogo. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, ikiingia tu gundi inaganda humo humo. Yangu ya kwanza iligeuka jiwe baada ya miezi michache. Siku hizi naiminya kutoa hewa kabla ya kufunga kifuniko. Nimeshaijaribu pia kwenye ndoo ya plastiki, ikabanduka kama ganda la kidonda, hapo usijisumbue.

Masika ya mwaka huu kiti kimelowa mara nyingi. Juzi jioni mama aliegemea, kimya, akanyoosha mkono nimpe kikombe cha kahawa.